Nani Aliyeilima Barabara?

Paukwa! Mkishaitika pakawa, sogeeni karibu, maana hadithi ya leo ina safari ndani yake. Inaanzia kwenye trei ya mayai na itatufikisha juu ya reli.

Alikuwako kijana wa miaka 12 hapa Ole, kisiwani Pemba. Asubuhi moja mama yake alifunga trei ya mayai 30 kwenye keria ya baiskeli, akaikaza kwa ukanda wa mpira wa ndani, akamwambia, "Mpelekee mwenye duka kule njiapanda. Uende taratibu, mwanangu." Kijana akaitika, akapanda, akaenda.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kitambo. Njia ya udongo itokayo mashambani ilikuwa imekauka mpaka inatoa vumbi, na magari ya kubeba nazi na magunia ya karafuu yalikuwa yakipita tangu alfajiri. Pale njia inaponyooka baada ya kilima, udongo ulikuwa umefanya migongo: mgongo, bonde, mgongo, bonde, imepangana sawasawa kama bati la paa lililolazwa chini. Kijana akakanyaga pedeli kwa nguvu ili apite haraka. Baiskeli ikaanza kutetemeka. Mikono ikafa ganzi, meno yakagongana, kengele ikalia bila kuguswa. Alipofika dukani na kufungua ule mpira, mayai 11 yalikuwa yamevunjika na ute unachuruzika hadi kwenye mnyororo.

Mwenye duka akapokea yale 19 yaliyosalia. Kijana hakuthubutu kurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa babu yake, akamkuta barazani anageuza karafuu juu ya jamvi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Babu, nani aliyeilima ile barabara? Nani aliyeipiga matuta kama shamba la viazi?"

Babu akaacha kugeuza karafuu. "Hakuna aliyeilima kwa jembe. Imelimwa na magurudumu."

"Lakini gurudumu ni duara, babu. Duara litapigaje matuta?"

Hapo babu akamtazama vizuri, kwa maana swali hilo alilijua. Ujanani alivuka bahari akafanya kibarua kwenye reli ya Tanga, akibeba mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, na kushindilia kokoto. "Swali hilo," akasema, "sisi tulikuwa tukijiuliza juu ya chuma. Kwa sababu hata reli, mjukuu wangu, hufanya migongo."

Chuma chenye migongo

Babu akasimulia walivyokuwa wakikagua njia asubuhi, jua likiwa bado chini. Ukiinama ukaitazama reli kwa urefu wake, mara nyingine huoni chuma kinachong'aa mfululizo. Unaona madoa yaliyopangana: pameng'aa, pamefifia, pameng'aa, pamefifia. Ukipitisha ukucha, unahisi kitu kidogo mno, kama mistari ya kombe la pwani. Na treni ikifika pale, mlio wake hubadilika. Ilikuwa ikivuma, sasa inanguruma.

Wahandisi wameipima migongo hiyo. Katika aina inayojulikana zaidi, kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni sentimita chache tu, kama 3 hadi 8. Kina chake huweza kuwa sehemu moja ya kumi ya milimita, karibu sawa na unene wa karatasi ya daftari. Msiudharau unene huo. Kwa gurudumu la chuma linalokimbia, ule ni mlima na bonde, mlima na bonde, mamia ya mara kwa sekunde. Misumari hulegea, kokoto husagika, mataruma hupasuka, na reli yenyewe hulika haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Sisi Wapemba hatuna reli, lakini habari zake si ngeni kwa visiwa vyetu. Sayyid Barghash alijenga njia ya reli kule Unguja, kutoka mjini hadi Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa cha treni kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli ile ikang'olewa. Mwaka 1905 ikaja nyingine, ya kutoka mjini hadi Bububu, ikabeba abiria.

Bara ndiko reli ilikopanuka. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati ikaanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Na tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha mwezi Agosti mwaka huo njia ikazinduliwa hadi Dodoma. Treni hiyo imeundwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa.

Njia hizo hazilingani kwa upana. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, TAZARA ina 1,067, SGR ina 1,435. Lakini zote zinatii jambo moja: chuma kinakanyaga chuma, na kila kimoja kinamla mwenziwe. Tuone wanavyolana.

Tani 10 juu ya ukucha

Tazama ukucha wa kidole chako gumba. Pale gurudumu la treni linapokutana na reli, mahali panapogusana hasa ni kama ukubwa huo. Chukulia behewa la mizigo ambalo kila ekseli yake imebeba tani 20. Ekseli ina magurudumu mawili, kwa hiyo kila gurudumu linabeba tani 10. Hayo ni magunia 200 ya mchele ya kilo 50, yamepandishwa moja juu ya jingine, yote yameegemea ukucha mmoja.

Chuma hakibaki vile vile chini ya mzigo huo. Kinabonyea kidogo, halafu kinarudi, kama godoro mtu akiinuka. Aliyetuonyesha jinsi ya kukokotoa ukubwa wa mahali hapo ni Heinrich Hertz, Mjerumani aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipochapisha kazi yake mwaka 1882. Yeye hakuwa akiwaza treni. Alikuwa akiwaza vioo viwili vya mviringo vilivyobanwa pamoja. Lakini hesabu ya kioo ikafaa kwa chuma, na mpaka leo mhandisi wa reli huanzia hapo.

Mzigo peke yake, hata hivyo, haulimi migongo. Ukiliweka gurudumu zito juu ya reli likatulia miaka kumi, hupati mgongo hata mmoja. Ili chuma kilike, lazima kuwe na msuguano, na msuguano unataka kitu kiteleze.

"Gurudumu linabingirika, babu. Haliburuzwi."

"Linabingirika, na ndani ya kubingirika mna kuteleza kidogo. Niletee vikombe viwili vya plastiki."

Hili mnaweza kulifanya nyumbani. Chukua vikombe viwili vinavyolingana, vipana mdomoni na vyembamba chini. Viunganishe mdomo kwa mdomo kwa gundi ya karatasi. Laza fimbo mbili zilizonyooka sambamba, ziinamishe kidogo, kisha viache vikombe vibingirike juu yake. Utaona ajabu. Vikienda upande mmoja, vinajirudisha vyenyewe katikati, bila usukani.

Magurudumu ya treni yamechongwa hivyo hivyo. Yamekazwa kwenye ekseli moja, na kila gurudumu ni nene kidogo upande wa ndani na jembamba upande wa nje. Treni ikiingia konani, ekseli husogea nje. Gurudumu la nje linakanyagia unene wake, la ndani linakanyagia wembamba wake, na la nje linapata mwendo mrefu zaidi kwa kila mzunguko. Linauhitaji mwendo huo. Kwenye kona ya robo duara ya SGR, gurudumu la nje lina zaidi ya mita 2 za ziada za kwenda kuliko mwenzake. Kona ikiwa pana, mchongo huo unatosha. Kona ikiwa kali, hautoshi, na kwa kuwa ekseli imewafunga wote wawili wazunguke sawa, lazima mmoja aburuzike kidogo. Hata kwenye njia iliyonyooka, gurudumu linalovuta au linalofunga breki huteleza kidogo mno wakati linabingirika. Macho hayaoni, lakini chuma kinahisi.

Mwaka 1953 Mwingereza John Archard aliandika kanuni fupi ya kulika kwa vitu. Kiasi kinacholika hukua kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa na kadiri mwendo wa kuteleza unavyokuwa mrefu, na hupungua kadiri kitu kinavyokuwa kigumu. Mzigo, kuteleza, ugumu. Yakumbukeni hayo matatu, tutayarudia mbele.

Chaki inayoimba

Sasa tuna mzigo na kuteleza. Lakini kama gurudumu lingeteleza sawasawa mwanzo hadi mwisho, reli ingelika sawasawa, ikawa nyembamba tu bila migongo. Migongo inatoka wapi?

Babu akaingia ndani akatoka na ubao mdogo ambao watoto husomea madrasa, na kipande cha chaki. Akaishika chaki karibu wima, ncha imetangulia, akaisukuma mbele kwa nguvu badala ya kuiburuta nyuma kama tunavyoandika.

Chaki ikapiga kelele. Kijana akaziba masikio. Babu akauinua ubao. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na vitone vyeupe, vimepangana kwa nafasi sawa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mkono wangu umesukuma bila kusita," akasema babu. "Nani kaweka vitone?"

Jaribu na wewe, utaona. Chaki inanata kwenye ubao. Mkono unaendelea kusukuma, chaki inapinda kidogo kama upinde unaovutwa. Ikizidiwa, inaruka mbele, inatua, inanata tena. Inanata, inaruka, inanata, inaruka, haraka kiasi kwamba sikio linasikia mlio mmoja. Kila ilipotua, iliacha kitone. Vile vitone ni mlio ulioandikwa.

Reli nayo ina mlio wake. Imelala juu ya mataruma yaliyoachana kama sentimita 60, na kati ya taruma na taruma inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa sana. Ukiigonga kwa nyundo inalia. Gurudumu na ekseli navyo hulia, behewa juu yake linacheza kwenye springi zake, na kokoto chini zinabonyea na kurudi. Treni inapopita, hivi vyote vinatetemeka pamoja, na kila kimoja kina kasi yake ya kutetemeka. Mtetemo ukiinua, mzigo juu ya ule ukucha unapungua. Ukishusha, mzigo unaongezeka. Mzigo ukipanda na kushuka, kuteleza nako hupanda na kushuka. Basi chuma hulika zaidi hapa, kidogo pale, zaidi hapa, kidogo pale.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua treni inayokwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Kama chuma kinatetemeka mara 500 kwa sekunde, karibu na kasi ya mabawa ya mbu anayekulilia sikioni usiku, gawanya mita 20 kwa 500. Jibu ni sentimita 4. Hiyo ndiyo nafasi kati ya mgongo na mgongo. Ukipima nafasi na ukajua mwendo wa treni, unaweza kukisia ni kitu gani kilikuwa kikitetemeka. Mgongo ni sahihi ya mtetemo.

Njia inayokumbuka

Turudi kwenye mayai yetu. Udongo si chuma, lakini hadithi zao ni ndugu.

Mwanzo njia ilikuwa tambarare, ila palikuwa na jiwe moja limechomoza. Gurudumu la gari la kwanza likaligonga, likaruka kidogo, likaanguka mbele yake na kuchimba kidogo. Udongo uliochimbwa ukasukumwa mbele, ukafanya kituta. Likapanda kituta hicho, likaruka tena, likachimba tena. Kisha likaja gari la pili. Lile halikukuta jiwe peke yake. Lilikuta jiwe, bonde na kituta, likaruka zaidi na kuchimba zaidi. La tatu likakuta kazi ya mawili yaliyolitangulia.

Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio zuri juu ya jambo hili. Walitengeneza meza ya mviringo inayozunguka, wakaijaza mchanga, wakaweka gurudumu moja libingirike juu yake. Mwendo ulipokuwa mdogo, mchanga ulibaki tambarare. Ulipovuka kiwango fulani, migongo ilijitokeza yenyewe, hata gurudumu lilipokuwa halina springi.

Udongo na chuma vinatofautiana, na ni lazima tuseme hivyo. Kwenye njia ya vumbi mchanga husukumwa na kurundikana. Kwenye reli chuma husagika na kupotea, au hubanwa na kutandazwa. Lakini jambo lililo katikati ya hadithi hii ni lile lile. Gurudumu linaandika mtetemo wake juu ya njia, na gurudumu linalofuata linasoma yale maandishi, linatetemeka kama lilivyoandikiwa, kisha linaandika juu yake kwa wino mzito zaidi. Njia inakumbuka. Bandu bandu huisha gogo, na hapa kila bandu inamwonyesha shoka mahali pa kupiga tena.

Karafuu 10

Babu akafuta pembe moja ya jamvi. Akahesabu punje 10 za karafuu, akazipanga.

"Tuseme hiki ni kina cha bonde dogo kwenye reli leo. Kila mwezi treni zinapita, na bonde linaongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya kina lilichonacho. Mwezi ujao ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mwezi unaofuata?"

Kijana akaanza kupanga. 11, kisha 12 na kidogo, kisha 13. Mwanzo aliona ni mchezo wa pole pole. Mwaka ulipotimia, zilikuwa karibu 31. Mwaka wa pili zikakaribia 100. Mwaka wa tatu zilipita 300, na pembe ya jamvi ikajaa.

"Sasa rudisha 10," babu akasema. "Safari hii chini ya reli tumeweka pedi laini za mpira. Mtetemo unamezwa. Treni inapita, lakini kila mwezi bonde linapungua sehemu moja ya kumi, kwa sababu magurudumu yanasawazisha zaidi kuliko yanavyochimba."

Kijana akatoa moja, zikabaki 9. Kisha 8. Mwaka ulipotimia zilibaki karibu 3. Mwaka wa pili, hata moja haikutimia.

Tulieni hapa, kwa sababu hapa ndipo ulipo ujuzi wote. Karafuu zilianza 10 mara zote mbili. Treni zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni namba moja tu ndogo: kila mwezi, je, bonde linaongezeka au linapungua? Mitetemo mingi duniani huzaliwa na kufa bila mtu kujua. Michache hukua. Kazi ya mtaalamu ni kujua mapema upi utakua.

Babu alitumia karafuu. Wahandisi wanatumia kompyuta, lakini mchezo wao ni huo huo, na huuita modeli. Ndani ya kompyuta wanaweka uzito wa gurudumu, ugumu wa springi, pedi, mataruma na kokoto. Wanaipitisha treni moja na kukokotoa mzigo na kuteleza kwenye kila sehemu ndogo ya reli. Kwa kanuni kama ile ya Archard wanajua kiasi gani cha chuma kimelika. Wanalichora umbo jipya la reli, kisha wanaipitisha treni tena juu ya umbo hilo. Wanarudia maelfu ya mara. Jioni moja mbele ya kompyuta inaweza kuwaonyesha miaka ya njia halisi.

Mwaka 1993 Stuart Grassie na Joseph Kalousek waliipanga elimu hii kwa namna ambayo wengi bado wanaifuata. Walisema kila aina ya migongo ina vitu viwili vya kutafutwa: kinachopanga nafasi kati ya mgongo na mgongo, na kinachokula chuma. Cha kwanza ni mtetemo. Cha pili ni kulika au kubonyea. Ukivijua vyote viwili, unajua pa kutibu.

Modeli pia inaeleza jambo linaloshangaza. Njia ambayo treni zote ni za aina moja na zinakwenda mwendo mmoja huweza kufanya migongo mibaya zaidi. Rudini kwenye hesabu ya mbu. Mtetemo wa mara 500 kwa sekunde kwa mwendo wa kilomita 72 unaandika kila sentimita 4. Treni nyingine ikipita kwa kilomita 36, mtetemo ule ule unaandika kila sentimita 2. Maandishi yao hayaendani, moja linamfuta mwenziwe. Lakini treni zote zikienda sawa, zote zinaandika mahali pamoja.

Dawa yake

Dawa zipo, na kila moja inagusa moja ya yale matatu tuliyoyataja, au inautuliza mtetemo. Pedi laini kati ya reli na taruma humeza mtetemo. Chuma kigumu zaidi hulika polepole. Kwenye kona kali hupakwa mafuta au dawa maalumu inayotawala msuguano, ili gurudumu lisinate na kuruka kama chaki. Kubadilisha mwendo kunavuruga maandishi.

Na migongo ikishaota, hupitishwa treni ya kusaga. Ina mawe ya kunolea yanayozunguka chini yake, cheche zinaruka pande zote, na inakwangua safu nyembamba ya chuma mpaka reli inakuwa laini. Kuikwangua reli mpya kunaweza kuonekana ni kupoteza chuma. Lakini kumbukeni karafuu. Anayekwangua mabonde yakiwa 10 anaondoa 10. Anayengoja miaka mitatu anaondoa 300, na huenda reli yote ikang'olewa. Tena si fedha tu. Juu ya chuma kile wanapita wanafunzi, wagonjwa na mama wenye watoto mgongoni, na usalama wao unategemea mtu aliyeinama asubuhi akatazama madoa.

Neno moja kabla hatujamaliza. Babu yetu aliinama juu ya reli akiwa kazini, na mwenzake amesimama akilinda njia. Nyinyi mkifika bara msichezee reli, wala msiweke sikio juu yake. Treni ya umeme huja haraka, na mlio wake unaweza kukufikia wakati wa kukimbia umeshapita.

Daftari

Alasiri ile babu na mjukuu walikwenda njiani na jembe na rula. Walilikuta lile jiwe limechomoza chini ya kilima. Wakaling'oa, wakafukia bonde lililolifuata, wakasawazisha migongo kumi ya mwanzo. Jembe moja halitoshi njia nzima, kwa hiyo ile iliyobaki waliiacha. Kijana akauchagua mgongo mmoja katika hiyo, mkabala na mnazi ulioinama, akaupima: milimita 20. Akaandika daftarini.

Ijumaa iliyofuata alirudi. Milimita 22. Akakaa chini ya mnazi akapiga hesabu ya karafuu. Kama unaongezeka kwa sehemu moja ya kumi kila wiki, Ijumaa ijayo utakuwa 24 na kidogo. Akaandika 24 kabla hajaiona, akaizungushia duara.

Ijumaa ya tatu alikwenda mbio hadi pale. Rula ikasema 24. Alipiga kelele ya furaha mpaka ng'ombe waliokuwa wakivuta gari la kuni wakageuza shingo. Akaandika 26 kwa wiki ya nne, akazungushia duara.

Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha. Ijumaa ya nne alikuta udongo umelowa na migongo imelegea. Rula ilisema 15.

Alikwenda kwa babu amenuna, daftari mkononi. "Hesabu imekosea, babu."

Babu akautazama ukurasa kwa muda mrefu. "Hesabu yako ilijua magari," akasema. "Kitu gani haikukijua?"

Kijana akafikiri. Kisha akakaa barazani kando ya jamvi, akafungua ukurasa mpya, akachora safu ya tatu pembeni ya tarehe na kina, na juu yake akaandika: mvua.